Sindano moja, bili tatu: nitoe pesa ya upatu?

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 47, mzaliwa wa Muheza, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Fort Worth, Texas. Nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya usiku, msaidizi wa wauguzi. Nina watoto wawili na ninawalea peke yangu.

Mwezi wa saba usiku mmoja tulikuwa wawili tu korido nzima. Mzee mmoja alikuwa anateleza kitandani, nikamdaka na kumpandisha peke yangu, nikasikia kiuno kimefanya "ka!" kama kijiti kikavu. Nilimwambia msimamizi palepale, akanipa mafuta ya kuchua na kuniambia nikae kidogo, kisha nikamaliza zamu. Tangu siku hiyo sikuwa na usingizi wala kiuno.

Nilihangaika na vidonge mpaka Septemba ndipo nikapigwa picha ya MRI. Daktari wa maumivu akasema shida iko kwenye viungo vidogo vya nyuma ya pingili, akapendekeza sindano ya ganzi kwenye neva za hapo. Alisema ni ya kupima kwanza: ikinituliza mara mbili, mara ya tatu atazichoma zile neva kwa joto nipate nafuu ya miezi.

Nilikwenda Oktoba. Walinilaza kifudifudi, wakanipaka dawa ya baridi mgongoni, mashine ya eksirei ikazunguka juu yangu. Walinipa na dawa ya kusinziza kidogo mshipani, sikuiomba ila sikukataa. Nilihesabu matundu matatu upande wa kulia, na hata dakika kumi na tano hazikufika. Shangazi, nilitoka pale nikainama kufunga kamba za viatu. Tangu Julai sikuwahi kuinama. Nililia ndani ya gari. Nafuu ilidumu mpaka usiku wa manane, maumivu yakarudi, lakini daktari alifurahi, akasema hilo ndilo jibu alilotaka.

Baada ya wiki tatu ndiyo zikaanza bahasha. Ya kwanza ya hospitali: bei yao dola 7,940, bima ikaishusha mpaka 2,480, na mimi nidaiwe 2,376. Ya pili ya daktari mwenyewe, dola 62. Ya tatu ya yule wa dawa ya kusinziza, dola 128. Jumla 2,566 kwa robo saa. Nilipiga simu bima wakaniambia sikuwa nimemaliza kiasi changu cha mwaka, dola 3,500. Nilikuwa nimefikisha 1,150 kwa MRI na kumwona daktari. Baada ya hapo wao wanalipa asilimia 80, mimi 20.

Kilichonivuruga akili ni rafiki yangu Mkenya tunayeingia naye zamu. Ana bima ileile ya kazini, na daktari aliyemchoma ni huyuhuyu. Yeye alichomwa Machi kwenye chumba cha ofisi ya daktari, ghorofa ya chini ya jengo lilelile, na jumla alilipa dola 410. Mimi nilipandishwa ghorofa ya pili. Je, nimeibiwa?

Desemba ni zamu yangu ya upatu, dola 3,000. Hela hiyo nilishamwahidi mama, paa lake linavuja na masika yakija hatalala. Hospitali wananipigia kila wiki, wamenipa nafasi ya kuchukua kadi ya mkopo ya matibabu, miezi 12 bila riba. Sindano ya pili imepangwa tarehe 14 Januari, ghorofa ileile ya pili. Nilipe kwa upatu, nichukue kadi, au niache matibabu nivumilie? Nimeanza kukwepa simu ya mama.

Ni mimi mwanao, Fort Worth

*

Marahaba mwanangu, na pole sana na kiuno. Nimekaa kwenye dawati la bili za zahanati miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu mkononi. Wiki hii usimlipe mtu hata senti, na fomu ya ile kadi usiisaini. Hakuna kitakachoharibika ukingoja wiki mbili. Kuna mambo ya kuulizwa kwanza, na mojawapo uliliandika kwa mistari miwili ukalipita.

Nianze na rafiki yako wa ghorofa ya chini, maana ndilo linalokuuma zaidi.

Yeye alichomewa ofisini kwa daktari, wewe ukachomewa hospitalini. Najua umesema ni jengo moja, lakini kwa bima hayo ni majengo mawili. Ghorofa ya pili imesajiliwa kuwa idara ya hospitali, na siku ukirudi utaona imeandikwa mlangoni au kwenye fomu uliyosaini mapokezi, maandishi madogo chini ya jina kubwa. Ukishavuka mlango ule, kila unachofanyiwa kinazaa bili mbili: ya mkono wa daktari na ya jengo la hospitali. Tazama bahasha zako: daktari aliyeishika sindano anakudai 62, jengo 2,376. Ukichomewa ofisini, gharama ya chumba, ya muuguzi na ya mashine imo ndani ya bei ya daktari, basi. Katikati yao wapo wale wa vituo vya upasuaji wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hata Medicare, bima ya serikali ya wazee, kwa sindano za namna hii huvilipa vituo hivyo karibu nusu ya inachoilipa hospitali kwa jengo, na ina ukurasa wa wazi ambapo mtu yeyote anaweza kulinganisha hizo bei mbili kwa jina la tiba.

Kwa hiyo kisheria hukuibiwa. Lakini hukuambiwa, na hilo mimi silichukulii kuwa dogo. Mtu anayeinua wazee usiku kucha alistahili mtu wa mapokezi amwambie kwa sentensi moja kwamba chini ni bei hii na juu ni bei ile.

Sasa chukua karatasi twende taratibu. Kile kiasi cha 3,500 tukiite kizingiti: mpaka ukivuke, bima inapunguza bei tu, hailipi. Ulikuwa umeshatoa 1,150, zikabaki 2,350. Bili ya hospitali 2,480 ikazimeza zote 2,350, zikabaki dola 130, na asilimia 20 yake ni 26. Ndiyo hiyo 2,376. Za daktari na za dawa ya kusinziza zilikuja kizingiti kikiwa kimeshavukwa, ndiyo maana ni 62 na 128 tu. Kwa bei zao kamili ni 310 na 640. Hesabu yao iko sawa.

Ila nimeona kitu kingine nikashika kichwa: tarehe 14 Januari. Kwa mwaka huu kizingiti umeshakivuka. Lakini bima nyingi za kazini zinaanza kuhesabu upya tarehe 1 Januari, na kama yako ni hivyo, sindano ileile, chumba kilekile, itakukuta mlangoni upya. Jumla ya bei zote tatu ni 3,430, na zote zitatoka mfukoni mwako kwa sababu hazifiki 3,500. Ukichomwa kabla ya 31 Desemba, utalipa asilimia 20 yake, dola 686. Ukichomewa ghorofa ya chini, inapungua tena sana. Rafiki yako alilipa 410 mwezi Machi, na nadhani bado alikuwa chini ya kizingiti, maana yake hiyo ndiyo bei kamili ya ofisini. Asilimia 20 ya 410 ni dola 82.

Dola 82 au dola 3,430, mwanangu, kwa daktari yuleyule.

Basi Jumatatu asubuhi ukitoka zamu, kabla hujalala, piga simu ofisi ya daktari. Usianze na "naomba punguzo", utapelekwa kwa mtu wa mikopo. Sema unataka sindano ya pili ifanyike ofisini, ghorofa ya chini, na ifanyike Desemba. Uliza kama kuna sababu ya kitabibu ya wewe kupandishwa juu. Wakati mwingine ipo, kwa mfano mgonjwa wa moyo au anayetumia dawa za kuyeyusha damu, na kama ipo daktari atakuambia mwenyewe. Mara nyingi sababu ni ratiba tu. Bima nyingi zinataka wiki mbili au zaidi kati ya sindano ya kwanza na ya pili, na wewe umeshapita hapo. Kibali cha bima kinaandikwa kwa mahali maalumu, kwa hiyo wakikuhamisha waombe kibali kipya, tena wakiombe mapema kwa sababu Desemba kila mtu anakimbilia hichohicho.

Uliza na namba ya huduma. Kila tiba hapa Marekani ina namba ya tarakimu tano, na sindano uliyoieleza, ya viungo vya kiunoni, ni 64493 kwa kiungo cha kwanza, 64494 cha pili, 64495 cha tatu. Ukiwa nayo, ipigie bima waambie: namba hii, daktari huyu, mahali hapa, nitalipa ngapi? Waulize mara mbili, kwa ofisini na kwa hospitali, kisha andika tarehe, saa na jina la aliyekujibu. Hospitali nazo tangu 1 Januari 2021 zinalazimika kuweka wazi bei zao pamoja na bei walizokubaliana na kila bima, na Texas ina sheria yake ya mwaka huohuo inayosema vivyo hivyo. Mafaili yao yanachosha macho, lakini ukitafuta kwa namba utaipata. FAIR Health, shirika linalokusanya bei za tiba, nao wana ukurasa wa bure wa kukadiria bei kwa namba ya posta ya mtaa unaokaa.

Hapo kwenye namba nikae kidogo, maana umeniambia jambo zuri: ulihesabu matundu matatu. Bei haihesabiwi kwa matundu, inahesabiwa kwa viungo. Kila kiungo kinapokea neva mbili, moja kutoka juu yake na moja ya usawa wake, kwa hiyo viungo viwili vinavyofuatana vinahitaji matundu matatu, na neva ya katikati inahudumia vyote viwili. Matundu yako matatu upande mmoja yanatakiwa yaonekane kama viungo viwili: 64493 na 64494. Ukikuta na 64495, uliza. Eksirei ya kuongozea sindano nayo imo ndani ya namba hizo, kwa hiyo daktari akikuandikia eksirei peke yake tena, uliza pia. Ndiyo maana nataka uombe bili yenye mchanganuo, mstari kwa mstari. Texas ilipitisha sheria, inafanya kazi tangu 1 Septemba 2023, kwamba hospitali haiwezi kupeleka deni lako kwa wakusanya madeni kabla haijakupa mchanganuo wa maandishi kwa lugha inayoeleweka. Ukishauomba, zile simu za kila wiki utakuwa na jibu lake: "Nasubiri mchanganuo wangu."

Na dawa ya kusinziza. Hiyo iliongeza bei ya 640 juu ya sindano ambayo wengi huivumilia kwa ganzi ya ngozi tu. Tena hii ni sindano ya kupima. Daktari anataka kujua kama ganzi ya neva ndiyo iliyoondoa maumivu, na mtu aliyesinzia hawezi kumpa jibu safi, ndiyo maana madaktari wenyewe wanashauriwa wasiitumie kwenye sindano ya kupima ila kwa sababu maalumu. Mwambie daktari unapendelea ufanyiwe ukiwa macho. Kama unaogopa mwambie vilevile, hakuna aibu, lakini iwe ni uamuzi wako.

Ukimaliza kuchomwa, kaa na daftari. Kila nusu saa andika maumivu ni ngapi kati ya kumi, na ujaribu yale unayoshindwa: kuinama, kupanda ngazi, kugeuka kitandani. Kampuni za bima huuliza kama nafuu ilifika asilimia 80, na Medicare imeiandika namba hiyo waziwazi kwenye masharti yake, mara mbili kabla ya kuruhusu kuchoma neva. Nimeona watu wakikataliwa tiba kwa sababu walipoulizwa walijibu "nilipata nafuu" tu. Ile habari ya kamba za viatu mwambie daktari aiandike kwenye faili.

Sasa nirudi kwenye ile mistari yako miwili. Uliumia kazini! Ulikuwa unamwinua mkazi wa mwajiri wako, usiku wa zamu yako, na ukamwambia msimamizi palepale. Barua nzima umeniandikia kuhusu bima yako, kizingiti chako, upatu wako, wala hukuuliza kama bili hizi ni zako. Mimi naona huenda si zako.

Texas ina kitu ambacho karibu majimbo mengine yote hayana: mwajiri binafsi ana hiari ya kujiunga au kutojiunga na bima ya fidia ya wafanyakazi. Aliyejiunga anatakiwa abandike tangazo ukutani, mara nyingi karibu na mashine ya kugonga saa au chumba cha kulia chakula. Leo usiku ukifika kazini lisome ulipige picha. Kama hulioni, piga simu Division of Workers' Compensation, idara iliyo chini ya Texas Department of Insurance. Watakuambia kama mwajiri wako ana bima hiyo.

Kama anayo, sikiliza tarehe hizi. Mfanyakazi anatakiwa amjulishe mwajiri ndani ya siku 30 tangu kuumia. Wewe ulimjulisha msimamizi usiku uleule, umetimiza, lakini andika leo hii kila unachokumbuka: tarehe, saa, chumba, nani alikuwepo korido, alikujibu nini, na yale mafuta ya kuchua. Mwenzako wa zamu aliyeona, mwombe naye aandike. Kisha kuna fomu ya madai, DWC041, ambayo wewe mwenyewe unaipeleka idarani ndani ya mwaka mmoja tangu kuumia. Uliumia Julai, kwa hiyo una mpaka Julai ijayo, lakini usingoje. Madai yakikubaliwa, matibabu ya jeraha lile hayana kizingiti wala asilimia 20. Daktari hawezi kukudai wewe. Hospitali, bima yako na bima ya fidia wataonana wao kwa wao. Tena mwajiri mwenye bima hiyo haruhusiwi na sheria kukufukuza kwa sababu umedai, najua hilo ndilo lililokufunga mdomo.

Kuna ofisi ya jimbo ambayo kazi yake ni kuwasaidia walioumia kazini, bure, inaitwa Office of Injured Employee Counsel. Wapigie. Ukiona Kiingereza cha kisheria kinakuzidi, omba mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Haki hiyo unayo hospitalini pia: wanaopokea fedha za serikali kuu wanatakiwa wakupe mkalimani bila malipo. Usimtumie mwanao kutafsiri habari za mgongo wako na madeni yako.

Kama mwajiri hana bima hiyo, hujafika mwisho. Waajiri wengi wa namna hiyo wana mpango wao wa ndani wa kulipia walioumia, wenye masharti yao na muda mfupi wa kutoa taarifa, kwa hiyo omba karatasi zake mara moja. Na sheria ya Texas inamwacha mwajiri asiyejiunga wazi kushtakiwa kwa uzembe, tena hawezi kujitetea kwamba na wewe ulichangia kuumia, au kwamba ulijua kazi ina hatari. Watu wawili korido nzima usiku, hilo wakili atataka kulisikia. Muda wa kushtaki ni miaka miwili, na mawakili wengi hawatozi kitu kwa mazungumzo ya kwanza.

Hili la kazini lichukue kwanza, kabla hata ya kuhamisha sindano, kwa sababu bima nyingi za kawaida zinakataa kulipia jeraha la kazini zikigundua baadaye. Mwambie na daktari ukweli wa ulivyoumia, aandike hivyohivyo kwenye faili. Kama ukiambiwa mwajiri hana bima ya fidia, unarudi kwenye mpango wa Desemba ghorofa ya chini.

Na ile 2,376 kama kweli itabaki yako? Chunguza hospitali hiyo ni ya aina gani. Kama ni isiyogawana faida, sheria ya kodi ya serikali kuu inailazimisha kuwa na mpango wa maandishi wa kusaidia wasio na uwezo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuuomba. Sharti la kipato kila hospitali inajiwekea, na wengine wanawasaidia hata wenye bima. Wewe una watoto wawili na mshahara mmoja. Omba, waache wao ndio waseme hapana. Fomu inataka hati za mishahara na ya kodi ya mwaka jana. Ndiyo maana nimekukataza ile kadi. Ukilipa kwa kadi, hospitali imeshalipwa, na deni lako linahamia kwa mkopeshaji asiyejua kiuno chako wala watoto wako. Kadi nyingi za aina hiyo, ukibakiza hata dola chache mwezi wa 12 ukipita, riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza kwa kiasi chote. Ukifikia kulipa kweli, omba mgawanyo wa miezi moja kwa moja na hospitali, bila riba, kwa kiasi unachokiweza, na uupate kwa maandishi. Hapa Texas mshahara wako haukatwi kwa deni la hospitali, kwa hiyo usiende mezani ukitetemeka.

Niwageukie kidogo wenzetu wasio na bima kabisa, maana najua wanasoma. Texas haijapanua Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa hiyo watu wazima wengi wetu tunaachwa nje. Lakini asiye na bima, au anayeamua kulipa mwenyewe, tangu 1 Januari 2022 ana haki ya kupewa makadirio ya bei kwa maandishi kabla ya tiba. Bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, anaweza kuipinga ndani ya siku 120, kwa ada ya dola 25. Kuna pia hospitali za kaunti: JPS kwenu Tarrant, Parkland Dallas, Harris Health Houston, zenye mipango kwa wakazi wa kaunti zao wa kipato cha chini. Foleni ni ndefu, nawaambia ukweli.

Kuacha matibabu usiache. Mtu anayeinua watu wazima kwa mikono yake hawezi kuishi kwa vidonge, na kamba za viatu zimeshakuonyesha kwamba wamegusa panapouma. Ila kazini nako omba kwa maandishi usipewe kazi ya kuinua peke yako, na daktari akupe barua yenye kikomo cha uzito.

Mama yako usimkwepe. Mpigie Jumapili, saa ambazo kwao ni jioni, umwambie umeumia kiuno kazini na unatibiwa. Usimtajie bili. Upatu ukifika Desemba, pesa ya mabati itume Muheza siku hiyohiyo, na fundi apande juu kabla ya Machi. Halafu niandikie uniambie ukutani pale kazini umekuta tangazo gani.

Shangazi yako